Mama Kabula Ashindana na Agripina

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani za sungura kuvaa kanzu. Ni zamani ya juzi juzi hii, simu za kupangusa zilikwisha kuingia na vocha zilikuwa bado zikikwanguliwa kwa ukucha. Hapo zamani hiyo, katika mji wa Tabora, palikuwa na kiwanda cha asali. Na katika kiwanda hicho palikuwa na mwanamke ambaye watu wote walimwita Mama Kabula.

Wote, nasema. Mwenye kiwanda alimwita Mama Kabula. Wafugaji nyuki walioleta mapipa kutoka Sikonge walimwita Mama Kabula. Mumewe alimwita Mama Kabula, hata siku alizonuna. Wakati mmoja alikwenda hospitalini, nesi akatoka na faili mkononi akaita, "Agripina Luhende!" Kimya. Akaita tena, "Agripina Luhende!" Mama Kabula akamgeukia jirani yake pale kwenye benchi akasema, "Watu wengine bwana, wanaitwa hawaitiki." Zamu ikampita. Alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, anavua viatu, ndipo alipokumbuka kwamba Agripina ni yeye.

Hilo lishikeni vizuri, maana ndilo litakalotusumbua.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kukagua ubora. Cheti cha chuo cha ufugaji nyuki alikuwa nacho, kimelala kabatini chini ya vitenge. Hakuna pipa lililoingia bila kupita mbele yake. Alichota tone, akaliweka kwenye kile kifaa cha kupimia maji yaliyomo ndani ya asali, akakielekeza kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Kisha alionja. Pipa zuri alilipiga kofi ubavuni, nalo likapita. Pipa lililotiwa sukari alilitazama, akamtazama aliyelileta, na mara nyingi mtu huyo alianza kulivingirisha kurudi nje kabla hajaambiwa neno.

Kiwanda kikafungwa. Mwenyewe alihamishia biashara mji mwingine, wafanyakazi wakatawanyika. Mama Kabula akakaa. Akakaa mpaka akaanza kukwepa njia ya sokoni, kwa sababu huko kila mtu humuuliza mwenzake, "Siku hizi uko wapi?" naye hakuwa na pa kutaja. Kabula alikuwa sekondari, na mama mtu hakutaka mwanawe amzoee akiwa amekaa tu barazani. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Ndipo habari ikaenea mjini: kiwanda kipya cha asali kinafunguliwa, kinatafuta msimamizi wa ubora. Mwombaji alete sivii, yaani wasifu wake wa kazi.

"Sivii?" Mama Kabula akasema. "Sivii ni za watu wa ofisini. Mimi nilikuwa naonja asali tu."

Basi sikilizeni sasa. Wako watu watatu waliofanya naye kazi kule kiwandani, nao pia hawakuwa na kazi. Wa kwanza ni Mihayo, aliyekuwa karani. Wa pili ni Mwajabu, binti aliyekuwa akibandika lebo kwenye chupa. Wa tatu ni dereva wa lori la asali, ambaye kwa jinsi alivyokuwa akipiga honi getini hadi mlinzi ashike masikio, watu walimwita Honi.

Mihayo alimwita Mama Kabula nyumbani kwake, akatandika jamvi, akashika kalamu.

"Haya. Ulikuwa ukifanya nini kiwandani?"

"Si unajua? Kazi za kawaida."

"Karatasi haiijui hiyo kawaida. Sema."

"Nilikuwa napima asali tu."

"Toa hilo 'tu'."

"Tu gani?"

"Hilo uliloliweka mwishoni. Hapa tunaandika sivii, hatuandiki barua ya kuomba radhi. Endelea."

"Nilikuwa nakataa mapipa mabovu tu."

"Toa tu."

"Nilikuwa nakwenda vijijini kuwafundisha wafugaji kuvuna bila kuijaza asali moshi, tu... Ala! Limetoka lenyewe."

"Nami nimelifuta lenyewe. Ulianza kazi mwaka gani?"

"Mwaka ule Kabula alipokuwa anaota meno."

"Mama Kabula, sivii haimjui Kabula."

"Basi haijui kitu."

Mihayo akacheka hadi kalamu ikamponyoka. Lakini hakumwachia. Kutoka meno ya Kabula walifika mwaka kamili. Kutoka siku Kabula alipougua surua wakapata mwaka ambao Mama Kabula alipewa wasaidizi wa kuwaongoza. Kutoka sare ya kwanza ya shule ya Kabula wakapata mwaka wa ile shehena iliyokuwa isafirishwe nje, ambayo Mama Kabula aliikataa mbele ya tajiri mwenye kiwanda, na tajiri akaja kumshukuru baadaye. Jua lilihama upande mmoja wa nyumba hadi wa pili. Jamvi wakalihamisha mara kwa mara kufuata kivuli, na Mihayo bado anauliza, anafuta, anaandika upya.

Alipomaliza, akamsomea. Alisoma polepole, kwa ile sauti yake ya kikarani isiyopanda wala kushuka. Mama Kabula alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyu mtu ni nani?"

"Ni wewe."

Mama Kabula akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa sababu miaka yote ile aliishi na mwanamke wa namna hiyo, na hakuna aliyewahi kumtambulisha kwake.

Sasa, Mihayo ni karani, na kwa karani jina ni lile la kwenye cheti. Juu kabisa ya ukurasa akaandika kwa herufi kubwa: AGRIPINA LUHENDE. Chini, mahali pa wadhamini, akafikiri nani alimwona mama huyu akifanya kazi kila siku iliyopambazuka. Akaandika Issa Mlekwa, dereva, na namba yake ya simu. Issa Mlekwa ndiye nani? Ndiye Honi. Je, alimwarifu Honi? Hakumwarifu. "Atajua akipigiwa," alisema. Sivii ikapelekwa.

Na Mwajabu naye? Mwajabu alikuwa na lake.

"Shangazi," alisema, maana alimwita hivyo kwa heshima, "sivii inalala kwenye meza ya mtu mmoja. Nataka nikufungulie ukurasa mtandaoni, kule kwenye mtandao wa watu wa kazi. Ukurasa hautulii, unatembea. Mtu akiwa Mwanza anakuona, akiwa Arusha anakuona."

"Waone nini sasa? Mimi na kisimu changu hiki cha kitochi?"

"Wakuone ukifanya kazi."

Akamchukua hadi shambani kwa mfugaji mmoja, njia ya Sikonge. Mama Kabula akavaa ovaroli na kofia yake ya wavu, Mwajabu akajifunga khanga na kushika simu. Mama Kabula akafungua mzinga, akaanza kueleza: asali iliyoiva inajulikanaje, sega likatwe wapi, nyuki waachiwe kiasi gani ili wasihame. Alieleza vizuri, kama alivyokuwa akiwaeleza wafugaji. Nyuki mmoja akamwendea Mwajabu, akamdunga mdomo. Wa pili akamdunga kope. Katika video ile, mkiitazama, mtasikia nyuma ya sauti ya Mama Kabula sauti nyingine ikisema, "Mama yangu wee! Mama yangu wee!" Lakini picha haitikisiki. Iko imara pale pale, sega linaonekana, mikono inaonekana, na Mwajabu anaungua kwa miiba.

Na kesho yake, jamani, ilikuwa siku ya posa yake. Wageni wamekuja kwa heshima zao, binti kavimba jicho na mdomo. Alikaa mbele ya wakwe kajifunika khanga uso mzima, hakusema neno. Wakwe wakatoka wakisifu haya zake.

Video ikapanda mtandaoni. Wafugaji wakaiona, wakaanza kuandika chini yake: huyu ndiye aliyenifundisha, huyu ndiye aliyerudisha pipa langu akanieleza kwa nini, na sasa sirudishiwi. Mwajabu akajaza ukurasa kwa uhodari. Lakini pa kuandika jina alisita, akauliza, "Shangazi, niandike Agripina?"

"Agripina ni nani anayemjua?" Mama Kabula akasema, akacheka. "Hata mimi mwenyewe akiitwa siitiki."

Basi Mwajabu akaandika: Mama Kabula, Mtaalamu wa Asali. Picha aliweka ile ya kofia ya wavu, maana ndiyo iliyopendeza. Namba ya simu aliweka yake mwenyewe, kwa kuwa kitochi cha Mama Kabula kilikuwa kinazima kikipenda.

Mnaona tunakoelekea? Meneja wa kile kiwanda kipya alikuwa mama mmoja mtaratibu, Fausta Rwegoshora, mtu wa Bukoba. Kwenye meza yake akawa na sivii nzuri mno ya Agripina Luhende. Kwenye simu yake akawa na ukurasa mzuri mno wa Mama Kabula. Akasema moyoni, nimebarikiwa, nimepata wanawake wawili hodari, nitachagua mmoja. Agripina ana vyeti, ila mtandaoni hajulikani hata na mmoja. Mama Kabula anajulikana na kila mfugaji, ila hajaleta karatasi. Nichague yupi?

Ndivyo Mama Kabula alivyojikuta akishindana na Agripina, na hana habari.

Meneja akaanza na Agripina. Akampigia mdhamini wake. Honi alikuwa chini ya lori la watu, kalala chali, mafuta hadi kwenye viwiko.

"Naongea na ndugu Issa Mlekwa?"

Honi mwenyewe ikabidi afikiri kidogo. "Ndiye."

"Unamfahamu Agripina Luhende?"

"Agripina... Hapana, mama. Simjui."

"Mliyefanya naye kazi kiwanda cha asali?"

"Mama, pale kiwandani nilikuwa namjua hadi paka. Agripina hakuwepo."

Meneja akashukuru, akakata simu. Akaichukua ile sivii nzuri akaipiga mstari. Mwongo huyu, akasema. Kisha akapiga namba ya kwenye ukurasa, Mwajabu akapokea mbio mbio.

"Mwambie Mama Kabula alete sivii yake."

"Alishaleta, mama! Siku nyingi!"

Meneja akapekua. Akapekua tena. "Sivii ya Mama Kabula hapa haipo. Mimi nataka watu wa kweli, binti." Akakata.

Basi mwanamke mmoja, kazi moja, akaikosa mara mbili kwa siku moja. Sijui kama kuna mwingine aliyewahi kuliweza hilo.

Jioni Mama Kabula alikuwa uani anachambua mchele. Mwajabu akafika na habari mbaya, akakaa kwenye kigoda, wote wawili hawaelewi kilichotokea. Punde akaingia Honi, kavaa shati safi, kabeba begi. Amekuja kuaga. Amepata kazi ya kuendesha lori huko Mpanda, kazi ya kudumu, na gari linaondoka kesho asubuhi.

"Hongera, Honi," akasema Mama Kabula, naye alifurahi kweli, ingawa moyo ulikuwa mzito. "Angalau mmoja wetu."

"Ahsante. Halafu leo nimepata kichekesho," Honi akasema, akivuta kiti. "Kuna mama kanipigia, sijui wa wapi, ananiuliza kuhusu mtu fulani, Agripina. Eti nimefanya naye kazi kiwandani! Nikamwambia, mama, pale hakukuwa na Agripina."

Mama Kabula akaweka ungo chini.

"Agripina ni mimi, Honi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipobatizwa."

Hakuna aliyecheka. Sisi tunacheka leo kwa kuwa haikuwa kazi yetu. Honi alitoa simu, akampigia meneja, akaeleza mbio mbio, akachanganya maneno. Meneja akamsikiliza, kisha akasema, "Asubuhi humjui. Jioni unamjua. Amekupa nini?" Simu ikakatwa.

Honi akairudisha simu mfukoni. Halafu akasema, "Kesho nakwenda mwenyewe pale getini."

"Kesho unakwenda Mpanda," Mama Kabula akamwambia. "Gari halitakungoja. Nitakwenda kujieleza mwenyewe, mdomo ninao."

"Mama Kabula, neno lililokuharibia lilitoka kinywani mwangu. Wewe ukilikana, ataona unajitetea. Mwenye kulirudisha ni mimi."

Akabishiwa, hakubishika. Asubuhi, Honi na Mama Kabula walikuwa mbele ya geti la kiwanda kipya, wanamsubiri meneja. Wakiwa wamesimama pale, lori likapita barabarani, likapunguza mwendo, likapiga honi ndefu. Likapiga tena. Mama Kabula alijua lori hilo linamwita nani. Alimtazama Honi. Honi alikuwa anatazama geti, hakugeuza shingo. Lori likaongeza mwendo, likaenda zake Mpanda. Mama Kabula alitamani kumshika mkono, akaona aibu, akabaki kuikaza mikono yake kwenye mkoba.

Meneja akafika. Honi akamsogelea, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Issa Mlekwa niliyesema simjui Agripina."

"Marahaba. Nawe umekuja kusema unamjua."

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, kisha unifukuze. Huyu mlinzi wako anaitwa nani?"

"Baba Hepi."

"Na kwenye cheti?"

Meneja akafungua mdomo. Akamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama chini, anajaribu kutocheka. Meneja akafunga mdomo.

"Mimi mama huyu nimempakilia asali aliyoipitisha tangu binti yake hajui kutembea," Honi akasema. "Namjua akikasirika, namjua akifurahi, najua hata anavyofumba jicho akipima. Jina lake la cheti sikulijua, na hilo ni kosa langu. Lakini Agripina wako na Mama Kabula wako ni huyu hapa mmoja. Na mimi pale kazini hawakuniita Issa, waliniita Honi."

Meneja akamtazama Mama Kabula. Kisha akaanza kucheka, akashika kiuno. "Mwe! Kwetu Bukoba mimi ni Mama Koku. Aulizwe Fausta pale mtaani, watasema amehama. Ingieni."

Usaili ukafanyika siku hiyo hiyo. Wakamwekea chupa za asali mezani, akapima, akaonja, akazigawa huku na huku, na kila moja akaeleza sababu yake bila haraka. Walipomuuliza uzoefu wake, alitaka kusema "nilikuwa naonja tu." Neno lilifika kwenye ulimi. Akalimeza. Akasema, "Nimekuwa mkaguzi wa ubora, na nimeongoza wakaguzi wengine." Akapata kazi.

Hadithi ingekuwa ya furaha ingeishia hapa, tukala tukalala. Haikuishia hapa.

Mama Kabula alifanya kazi ile hadi jina la kiwanda likaanza kutajwa vizuri. Ijumaa moja, meneja akamwita ofisini.

"Nakupa msaidizi," akamwambia. "Nafasi ni moja, sina ya pili. Sitaki sivii wala ukurasa. Nilishachoka kupotezwa na karatasi. Nataka jina moja kutoka kinywani mwako. Mtu unayemwamini. Jumatatu asubuhi uniambie."

Mama Kabula akatoka ofisini bila furaha. Kwa maana Mihayo alikuwa akifundisha watoto wa mtaa wake masomo ya jioni, hana ajira. Mwajabu alikuwa akiuza barafu za maji kwenye deli la kutunzia baridi, ndoa imesogezwa mbele hadi mambo yanyooke. Na Honi, Mpanda walikwisha kumpata dereva mwingine. Yeye alirudi kulala chali chini ya malori ya watu.

Jumapili akapika wali na kuku, akawaita wote watatu. Hakutaka kuwazunguka. Walipokwisha kunawa, akawaambia jambo lote kama lilivyo. Kila mmoja akatazama sahani yake.

"Semeni," akasema. "Kila mtu aseme lake. Mihayo."

"Mimi niliandika sivii tu."

"Toa hilo 'tu'," akasema Mama Kabula.

Mihayo akatabasamu, akaona ameshikwa na mtego wake mwenyewe. Akanyoosha mgongo. "Basi nilitoe. Mimi nilikuandika. Ulipokuja kwangu ulikuwa hujijui. Kazi yako hii nami nilitaka kuiomba, Mama Kabula. Cheti cha chuo kile kile ninacho, bahasha yangu ilikuwa tayari imefungwa. Nilipomaliza kuandika yako nikaifungua yangu, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro. Iko hapo hadi leo. Ningeipeleka, ningeshindana na mtu niliyemwandika kwa kalamu yangu. Na bila ile karatasi, siku meneja alipocheka getini, angecheka akafunga geti, kwa sababu hangekuwa na Agripina wa kumtafuta."

Mama Kabula hakulijua hilo la bahasha. Lilimchoma. Akamgeukia Mwajabu.

"Mimi, shangazi, nilipiga video tu."

"Toa tu."

"Haya. Mimi nilikuonyesha. Kaka Mihayo amekuandika, lakini nani angesoma? Sivii zilikuwa rundo pale mezani. Wasichoweza kukisahau ni mikono yako kwenye sega. Nyuki wamenidunga, simu sikuiangusha. Nimekaa kwenye posa yangu kama mzigo uliofunikwa. Wale wafugaji wote wanaoleta asali kiwandani kwenu leo, walianza kukufuata kwenye ukurasa ule. Na ukurasa ule hadi leo nauendesha mimi, kwa simu yangu, hakuna aliyenituma."

"Nawe Honi?"

"Mimi sina cha kusema. Mimi nilikukana."

"Sema hivyo hivyo."

"Nilikuja getini tu."

Wenzake watatu, kwa pamoja, wakasema, "Toa tu!"

Honi akafuta uso kwa kiganja. "Nilikukana bila kujua, nikakurudisha kwa kujua. Lori nililisikia. Mlidhani sikulisikia? Nililisikia linavyoniita. Hawa walikupa jasho lao na uvumilivu wao, nawaheshimu. Mimi nilikuwa na kazi, nikaiacha ipite barabarani ili wewe upate yako. Walikuwa wamekutengeneza wanawake wawili. Nani aliyewafanya mmoja?"

"Usingesema humjui, pasingekuwa na cha kurudisha," Mwajabu akamchokoza. Wakacheka kidogo.

"Nami ningesemaje ninamjua, kama Mihayo hakuniambia?" Honi akajibu.

"Nami ningejuaje kuna haja ya kukuambia? Mwajabu angeandika jina la cheti, pasingekuwa na mkanganyiko wowote." Mihayo akasema.

"Na mimi jina nilimuuliza mwenyewe!" Mwajabu akasema.

Wakamgeukia Mama Kabula. Naye kweli alikuwa ameulizwa, na alicheka.

Walipoondoka, walimuaga vizuri, hakuna aliyenuna. Mihayo alibeba sahani hadi jikoni. Mwajabu alimkumbatia. Honi akiwa mlangoni akasema, "Ukimtaja mwingine, mimi nitabaki kuwa Honi wako." Mama Kabula akakaa peke yake pale uani, akawapenda wote watatu, na kupenda huko hakukumsaidia hata kidogo.

Jumatatu ikafika. Akaingia ofisini. Meneja alikuwa na kalamu mkononi.

"Haya, Mama Kabula. Jina?"

Mama Kabula akafungua mdomo.

Na mimi hapo ndipo ninapoufunga wangu, niwaachie nyinyi. Yuko aliyemwandika, akaizika bahasha yake chini ya godoro. Yuko aliyemwonyesha kwa watu, akadungwa na asitikisike. Yuko aliyemkana, kisha akaacha lori lipite. Wote walimkosea, wote walimfaa, na kiti ni kimoja. Msiniambie "wote", maana meneja hakuandika wote. Semeni mmoja, na mkimsema msiweke "tu" mwishoni, na akiwa na majina mawili myataje yote, la cheti na la mtaani, asije naye akapotea njiani.

Je, nani alistahili?